Mashine Iliyofichwa Mkobani

Haya nilisimuliwa na shangazi yake Kipaza, juma lililopita, mchana mmoja wa mvua tulipokaa ndani kwake tukichambua maharage. Hakunisimulia kwa kusengenya. Msichana mwenyewe alikuwa ametua mzigo wake mapajani mwa shangazi, naye shangazi akaona mzigo wa maneno hautuliwi chini, hutwikwa mwingine. Alipomaliza akaniambia, "Na wewe ukimwambia mtu, mwambie yote. Usimwambie nusu, nusu ndiyo inayoua." Basi nayasema yote.

Kipaza ni msichana wa mapokezi katika kituo kidogo cha afya. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini limelala kabatini pamoja na vyeti vya shule. Watu wamemwita Kipaza kwa ajili ya sauti yake. Akisimama nyuma ya kaunta na kuita "Anayefuata!", wagonjwa walioko ndani husimama, walioko nje kwenye kivuli cha ukuta husimama, na mpita njia asiyeumwa hata ukucha husimama pia, akajishika shingo kuona kama hana homa.

Huyu Kipaza alikuwa na kitu kimoja alichokipenda kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kaka yake anafanya kazi ya kuhamisha samani za maofisi. Ofisi moja ilipohama, wenyewe walimwambia achukue vikorokoro vilivyobaki sakafuni, wao hawana haja navyo. Katika vikorokoro hivyo akaokota kijimashine cheusi, bapa, upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Kifuniko chake kilifunguka kama cha bakuli la sukari, na ndani ndimo unamoweka sidii.

"Hii ina kazi mbili," kaka akamwambia. "Ukiichomeka kwenye kompyuta, kompyuta inasoma kilichomo kwenye sidii. Ukiipa betri ukaiacha peke yake, inakupigia muziki. Tundu la hedifoni hili hapa, sauti unaiongeza hapa pembeni."

"Siku hizi nani ana sidii, kaka?"

"Shangazi anazo ndoo nzima."

Na kweli shangazi alikuwa nazo, ndoo ya rangi yenye mfuniko, imejaa sidii za bendi za ujana wake. Basi Kipaza akawa anakwenda kazini na muziki masikioni, anarudi na muziki masikioni, miguu yake ikikanyaga vumbi kwa mapigo ya ngoma ambazo wapigaji wake wengine walikwishazikwa. Betri zikiisha alizipanga juani dirishani zipate nguvu ya kumalizia wimbo. Shangazi alimwambia, "Wewe mtoto, siku moja utagongwa na baiskeli ukicheza." Akajibu, "Nitaanguka kwa mdundo, shangazi."

Sasa, pale kituoni daktari aliletewa kompyuta mpya, nyembamba kama sinia, haina hata mdomo wa kulishia sidii. Na mjini, kwenye nyumba ya kupigia picha za mifupa, walikwishaacha kutoa zile picha nyeusi za kuinuliwa kwenye mwanga. Walikuwa wanatoa sidii. Mtu anavunjika mguu, anasafiri hadi mjini, anapigwa picha, anapewa sidii ndani ya bahasha, anarudi nayo ameikumbatia kama yai. Daktari anaipokea, anaigeuzageuza, anajiona uso wake ndani kama kwenye kioo, na habari inaishia hapo.

Siku daktari alipopiga meza kwa hasira, Kipaza akachungulia mlangoni. "Daktari, mimi ninacho kitu cha kuisomea."

Akaitoa hedifoni, akaitoa sidii ya shangazi, akachomeka waya. Mfupa wa mama mmoja ukatokea kwenye kompyuta, mweupe, umekatika pale pale mama mwenyewe alipokuwa anapaonyesha kwa kidole. Daktari akasema, "Kipaza, umetuokoa." Tangu siku hiyo akawa anaibeba mkobani kila asubuhi. Hakuna aliyemlazimisha. Akisikia "Kipaza, lete mashine!" aliacha kila kitu, akaingia nayo ameishika kwa mikono miwili, amenyoosha shingo. Wagonjwa nao wakasema, nina bahati, mashine ya Kipaza ipo leo.

Hapo ndipo shetani alipopata pa kukalia.

Siku moja walikuja wageni wakubwa kukagua kituo. Kipaza alikuwa ameifuta mashine kwa kitambaa chenye mate mpaka ikang'aa kama kiatu cha askari. Daktari akawazungusha wageni, akawaonyesha kitanda cha uzazi, akawaonyesha jokofu la chanjo. Walipofika kwenye meza yake akaigonga mashine kwa kalamu na kusema, "Na siku hizi kituo chetu kina kifaa cha kusomea picha za mifupa." Wageni wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akasema, "Safi sana, Daktari, huo ndio ubunifu." Kipaza alikuwa amesimama hapo hapo na sinia la maji ya kunywa. Akangoja jina lake. Wageni wakachukua glasi, wakanywa, wakaendelea kukagua vyoo.

Kituo chetu kina! Aliyarudia maneno hayo njia nzima jioni ile. Hedifoni zilikuwa masikioni lakini hakusikia wimbo hata mmoja. Shangazi akamwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Akala kwa kudonoadonoa, akalala amenuna.

Asubuhi alitoka na mashine kama kawaida, ila safari hii hakuitoa mkobani. Mkoba akausukuma chini ya kaunta, karibu na miguu yake. Maneno alikwishayapanga moyoni: wakiuliza, nitasema imeharibika. Leo tu. Wakose siku moja waone mwenye mashine ni nani, kituo au mimi. Hakumtakia mtu mabaya. Wengi wetu tunayatenda mabaya hivyo hivyo, bila kumtakia mtu.

Wa kwanza mwenye sidii siku hiyo alikuwa Fundi Viatu.

Huyu ni mzee mwenye kibanda pale mtaa unapokata kona. Katika mitaa ile ni taabu kumpata mtu ambaye kiatu chake hakijapita mikononi mwake. Hata viatu vyeupe vya wauguzi yeye ndiye huvibadilishia soli. Aliingia mkono wa kulia umening'inizwa shingoni kwa kitambaa cha kichwa cha mkewe, vidole vimevimba kama ndizi zilizoiva kupita kiasi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Leo usiniite kwa sauti yako ile, mkono utaruka uende zake."

Watu kwenye benchi wakacheka, na Kipaza akacheka. "Umepatwa na nini?"

"Ngazi ya nyumbani kwangu. Miaka yote naipanda na kuishuka, juzi ikaamua kunishusha yenyewe." Akaiweka bahasha kaunta kwa mkono wa kushoto, kwa taabu. "Mjini wamenipiga picha. Wamesema daktari wako ndiye atakayejua kama mfupa umekaa au umehama. Nami siombi makubwa, ila huu ndio mkono wa sindano. Wa kushoto hata chai unaimwaga."

Daktari alisikia kutoka ndani. "Kipaza, lete mashine!"

"Daktari, imeharibika."

Maneno yalitoka laini kama yamepakwa mafuta. Daktari akatokea mlangoni. "Imeharibika vipi?"

"Tangu jana jioni haiwaki. Hata kale kataa kake ka kijani hakawaki." Hako kataa hakuna aliyemwuliza. Alikaongeza mwenyewe, kama mtu anayetia urembo kwenye nguo ya wizi.

Alitegemea daktari akasirike. Alitaka akasirike, aseme tutafanyaje sasa bila Kipaza. Daktari akamtazama kwa huruma. "Aa, pole sana. Na ulivyoipenda. Kesho ilete, nina rafiki yangu fundi wa vitu hivyo, ataifungua aone." Kisha akamgeukia mzee, akavigusa vidole vyake polepole. "Mzee wangu, bila kuiona picha siuvuti mkono huu. Huenda mfupa haukuhama, nami nikauhamisha. Itabidi urudi mjini wakuchapishie picha kwenye karatasi. Lakini usikawie. Mfupa ukianza kuunga umepinda, vidole vitabaki vya kuhesabia, si vya kazi."

"Nitakwenda kesho," Fundi akasema. "Leo mwili umekataa safari."

Daktari akarudi ndani kwa mtoto aliyekuwa akilia. Fundi hakuondoka. Aliegemea kaunta, akainama, akasema kwa sauti ya chini kama mtu mwenye siri njema, "Hebu niletee niione."

"Nini, Fundi?"

"Hiyo mashine yako. Najua, mimi ni wa viatu. Lakini kitu kilichogoma ni kilichogoma. Ama pana uzi uliokatika, ama pana kisigino kilicholegea. Mkono mmoja unatosha kutazama."

"Nimeiacha nyumbani," Kipaza akasema, na mguu wake ukausogeza mkoba nyuma zaidi. Mkoba ukayumba, ukataka kuanguka. Akaubana kwa magoti, na mle ndani kitufe kikabonyezeka.

Ndipo muziki ulipoanza.

Haukuwa mkubwa. Ulikuwa unatoka kwenye hedifoni zilizoviringishwa juu ya mashine, mwembamba kama mbu ndani ya kopo. Mtoto alikuwa analia, benchi lilikuwa linapiga soga, mle ndani hapakuwa na mtu mwingine wa kuusikia. Lakini Fundi alikuwa ameinama pale pale. Gitaa likalia, tarumbeta zikaingia, mwimbaji akaanza kumsihi mpenzi wake arudi nyumbani. Kipaza aliganda. Mkono wa kuuzima ulikuwepo, ila kuinama ni kukiri.

Fundi alitazama chini ya kaunta. Akamtazama Kipaza. Kisha muuguzi akatokea koridoni, anakuja moja kwa moja kaunta.

Mzee akakohoa. Akakohoa kikohozi kirefu, cha kutoka tumboni, huku akipiga kaunta kwa kiganja cha kushoto, kho, kho, kho, mpaka machozi yakamtoka na mkono mbovu ukatikisika shingoni mwake kwa maumivu. Muuguzi akasema, "Mzee, nikuletee maji?" Akatikisa kichwa, akaendelea kukohoa, mpaka Kipaza akapata nafasi ya kujitia ameangusha kalamu, akainama, akapapasa, akazima.

"Vumbi la ngozi," Fundi akamwambia muuguzi. "Kazi yangu hii, limenijaa kifuani." Akachukua bahasha yake. "Haya, mwanangu, siku njema. Usisumbuke na mashine. Hata mtu huchoka."

Akatoka. Kipaza aliutazama mgongo wake mpaka ukakata kona.

Ukitukanwa utarudisha tusi, na anayekushtaki utabishana naye. Lakini mtu uliyemkosea akikusitiri, tena kwa kujiumiza mwenyewe, utamshika wapi? Kipaza alihisi uso wake umewaka, kisha masikio, kisha shingo, kana kwamba amemwagiwa maji ya moto kutoka juu. Alipoita "Anayefuata" sauti ilitoka kama ya kifaranga. Kijana mmoja kwenye benchi akasema, "Leo vipi? Kipaza kimeisha betri?" Watu wakacheka. Yeye akaangalia mbali.

Saa ya mapumziko ya mchana alijifungia kwenye stoo ya maboksi ya glovu, akaitoa mashine. Sasa palikuwa na la kesho. Kesho daktari atataka ailete kwa rafiki yake, rafiki ataifungua, ataikuta nzima kama siku iliyotengenezwa. Uongo ni kama mfugo, ukishauleta nyumbani unataka kulishwa. Akaitazama sakafu ya saruji. Akaitazama mashine. Pigo moja tu, na uongo unakuwa kweli. Atasema ilianguka, watampa pole, yatakwisha. Akaiinua mpaka usawa wa kifua. Ni kitu chake, kimemfuta machozi jioni nyingi.

Akasimama hivyo muda. Mashine angeweza kuivunja. Kikohozi kile angekivunjia wapi?

Akairudisha mkobani, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Kibanda cha Fundi kilikuwa kimefungwa. Jirani yake, muuza vitambaa, akamwelekeza nyumba. Ilikuwa ya chumba na sebule, na ile ngazi ya mawe mbele yake imeliwa katikati. Mke wa Fundi alikuwa anakunja nguo. Alipomwona na sare ya kituo aliinuka, akamshika mikono miwili.

"Karibu, mwanangu, karibu ndani. Ndiyo wewe? Mzee ameniambia, binti wa watu amehangaika na mashine yake mpaka jasho linamtoka. Asante sana. Keti, usisimame."

Kipaza hakuketi. Fundi alikuwa kwenye kochi, mkono umewekwa juu ya mto, naye alimfanyia ishara ndogo kwa nyusi, ya kumwambia nyamaza, yamepita. Ishara ile ilimmaliza.

"Mama, mashine haikuharibika."

"Imepona?"

"Haikuharibika hata kidogo. Ilikuwa mkobani, miguuni mwangu. Nilisema uongo."

Mama yule aliiachia mikono yake. Nguo aliyokuwa ameikunja akaikunjua tena, hajui anafanya nini. Akamgeukia mumewe. "Wewe ulijua?"

Fundi akatazama dari. "Nilisikia kitu kama muziki. Nikasema labda ni masikio ya uzee."

"Masikio yako mbona hayazeeki nikisema chakula tayari?"

"Mke wangu, ni mtoto..."

"Ni mtoto gani? Mtoto anafanya kazi hospitali?" Akamrudia Kipaza. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Binti, huyu hajalala tangu alipoanguka. Anakaa kitandani ameupakata mkono kama mtoto mchanga, nami nakaa naye. Asubuhi nimemvisha shati, nimemfunga kwa kitambaa changu, nikamwambia nenda, leo utajua moja. Akarudi hajui hata nusu. Kumbe wewe umekalia kujua kwetu kama kuku juu ya mayai, unapiga muziki."

"Ni kweli, mama."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Alinikosea mwingine."

"Sasa mbona umemlipisha huyu?"

Kipaza alifungua mdomo. Lililomjia ni neno moja, lile alilokuwa amelala nalo usiku kucha, nalo likatoka kabla hajalizuia. "Mashine ni yangu..."

"Nani kasema si yako?" Mama akasema. "Ingekuwa ya kituo ningekwenda kukushtaki, ningepata pa kusemea. Ni yako. Ndiyo maana sina pa kukupeleka."

Fundi akajaribu kuinuka. "Basi, basi. Amekuja mwenyewe, na mashine amekuja nayo. Mnataka kugombana mpaka mfupa uunge? Nipeni viatu vyangu."

Wakaenda, watatu. Kipaza alinyoosha mkono amshike mzee kwenye ngazi. Mkewe akapita katikati, akamshika mwenyewe. Njia nzima mama yule alitembea baina yao. Fundi ndiye aliyesemasema, akiwaonyesha viatu vya wapita njia, hiki nimekishona mimi, hiki kimeshonwa na mwizi, mpaka akachoka.

Daktari alikuwa anafunga koti lake jeupe, tayari kwa wagonjwa wa mchana. Kipaza akaiweka mashine mezani, akachomeka waya, na kile kitaa cha kijani kikawaka. Wote wanne walikiona.

"Imetengenezwa?" daktari akauliza.

"Haikuharibika, Daktari. Nilikudanganya."

Daktari akaipokea bahasha mkononi mwa Fundi. Kisha akasema, "Tuone mkono kwanza," akaingiza sidii. Mfupa ukatokea. Akausogelea, akaukuza, akaufuata kwa ncha ya kalamu.

"Umehama," daktari akasema. "Si sana. Nitaurudisha leo hii na kuufunga plasta. Mngesubiri kwenda na kurudi mjini, na uvimbe huu, sijui ningesema nini."

"Vidole vitashika sindano?" Fundi akauliza. Safari hii hakuwa anatania.

"Natumaini. Tutajua plasta ikitoka. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo, mzee."

Walimchoma sindano ya ganzi, wakafunga mlango. Kipaza alisimama nje ukutani. Alimsikia mzee akiguna, mguno wa mtu anayeona haya kulia mkewe akisikia, kisha akalia. Mara moja tu. Mama alikuwa ameketi kwenye benchi, macho kwenye mlango, hakumgeukia Kipaza hata alipoanza kuomboleza chini kwa chini, "Jamani, jamani, mume wangu." Kipaza alitaka kumkalia karibu, akajua hana haki ya benchi lile.

Mzee alipotolewa, mkono mweupe, uso umempauka, daktari alimwita Kipaza ndani.

"Kwa nini?"

Akamwambia. Wageni, kalamu, kituo chetu kina. Alipokuwa anayabeba moyoni yalikuwa makubwa kama nyumba. Sasa alipoyatoa yakawa madogo, yanamwanguka mdomoni kama makombo.

Daktari akakunja uso, akifikiri. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Sikumbuki." Akalikuna paji la uso. "Nilikuwa nawaza jokofu la chanjo, lilikuwa linavuja." Akaiweka kalamu mezani. "Basi nilikosea. Ni mashine yako, nilipaswa kukutaja. Ungeniambia, Kipaza. Ungeniambia hata kwa kelele, sauti si unayo?"

Kipaza akachomoa waya wa mashine. Hasira iliyomfanya amwache mzee na mfupa uliohama, yule aliyekasirikiwa hakuijua hata ilipopita.

"Nitaiacha hapa iwe ya kituo," akasema.

"Sitaki. Usinipe kitu kwa aibu, kesho utajuta na mimi nitakuwa nimekichukua. Ibebe uende nayo nyumbani. Siku usiyotaka tuitumie, niambie sitaki. Mimi nitatafuta njia nyingine, ila nitajua naitafuta." Akachukua kalamu. "Na mimi sina maneno zaidi. Niitie anayefuata."

Fundi na mkewe walikuwa wanatoka. Mzee akasimama mbele ya kaunta, ganzi imemlegeza midomo. "Mwanangu, nikija kuangaliwa plasta, uniite kwa sauti yako yote. Sipendi kunong'onezwa, najiona kama maiti."

"Nisamehe, Fundi."

"Nilikwishasamehe zamani, tangu kile kikohozi."

Mkewe akasimama nyuma yake. Alikuwa anakifungua kile kitambaa chake shingoni mwa mzee, maana walikuwa wamempa cha kituo, akakikung'uta, akakifunga kichwani. Akatoka bila kuaga.

Jioni Kipaza alirudi na mkoba begani, masikio matupu. Shangazi alikuwa anaosha vyombo. Akamwambia yote, amesimama mlangoni hajavua viatu, na shangazi hakumkatiza ila mara moja, aliposikia habari ya saruji, akasema, "Ungeivunja kweli?" Kipaza akasema, "Nilikuwa nimeiinua." Shangazi akaendelea kusugua sufuria.

"Sasa unataka nikuambie nini?" akamwuliza mwisho. "Kwamba hukukosa?"

"Hapana."

"Kwamba mama yule alikuwa mkali?"

"Hapana. Alisema kweli."

"Basi sina la kukuambia. Kula."

Hakula. Shangazi alikula, akafunika chakula cha mwenzake kwa sahani, akazima taa ya sebuleni, akaenda kulala, na haikuchukua muda akakoroma, maana yeye hana deni na mtu.

Kipaza alijilaza upande wake wa kitanda. Alijaribu kujitetea kidogo, kama tunavyojaribu wote: kwamba alikwenda mwenyewe bila kuitwa, kwamba mkono umefungwa leo hii hii. Kila alipofika hapo alisikia, sina pa kukupeleka. Akajigeuza, akaelekea ukuta, akafunika uso kwa shuka ijapokuwa chumba kilikuwa giza na hapakuwa na wa kumtazama. Alimwona mama yule ameketi kando ya kitanda, na mzee, na mkono mweupe juu ya mto. Akajiuliza kama wamepata usingizi. Aliwaza siku ya kuangaliwa plasta, atakavyosimama nyuma ya kaunta na kuita, na mama atakavyoinua macho. Hakujua macho yake mwenyewe atayaweka wapi. Alibaki na swali hilo, akilirudia polepole, kisha polepole zaidi, mpaka akapitiwa na usingizi.